Turubai la Mheshimiwa Tindwa

"Mama Tabitha," jirani yangu Bi Sikuzani aliwahi kuniuliza, tumekaa uani kwake tunachambua mchele, "hivi turubai la diwani lilifikaje kwako kabla hujaanza kulia?"

Nikamjibu kwamba serikali yetu ina bidii. Akanitazama. Nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Swali lenyewe lilikuwa la haki. Siku aliyokufa mume wangu Yeremia, saa nne asubuhi, nilikuwa naanua nguo nikaona vijana sita wanaingia uani kwangu na nguzo mabegani. Wakanisalimia kwa adabu kabisa: "Shikamoo mama, pole na msiba." Nikauliza, msiba wa nani? Kiongozi wao, Makoye, ambaye zamani nilimfundisha mwenyewe kuimba kanisani, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma, akatazama saa ya mkononi.

"Samahani mama," akasema, "tumewahi kidogo."

Wakafunga turubai. Walipomaliza pembe ya nne ndipo watu wakaja mbio kuniambia Yeremia ameokotwa nyuma ya ofisi ya kata. Cheti cha daktari kilisema ameteleza kwenye matope akajigonga kichwa. Ilikuwa mwezi wa tisa, na mvua ya mwisho tuliiona mwezi wa nne. Wanaume waliokuja kumwosha walishindwa, wakatoka mmoja mmoja wakitapika, basi nikamwosha mwenyewe, kwa hiyo nina hakika na ninachosema: alijigonga mara tisa. Mara mbili alijigonga kisogoni, na mara moja, alipokuwa amekwisha kuanguka, alijigonga kwa soli ya buti.

Ndiyo maana nikamjibu Bi Sikuzani vile. Diwani ambaye turubai lake linafika mapema kuliko habari, huyo ni mchapakazi.

*

Nchi hii ninayoisimulia ilikuwa na jina. Kamati ya Taifa ililifuta ili itafute zuri zaidi, wajumbe wakapigana juu ya herufi ya kwanza, watatu wakafa, na mpaka leo tunaandika barua bila jina la nchi. Zinafika hivyo hivyo, au hazifiki. Kata yetu ndiyo yenye jina. Inaitwa Mtulivu.

Mheshimiwa Bakuza Tindwa, diwani wetu wa vipindi vinne, alianza kwa kukodisha maturubai na viti. Hakuwa msemaji. Kipaji chake kilikuwa kulia. Nimeona watu wakilia katika maisha yangu, lakini Tindwa alikuwa na machozi ya kila namna: ya mtoto mchanga, ya mzee, ya aliyekufa ghafla, ya aliyeugua muda mrefu. Ulimwambia tu umri wa marehemu, akachagua.

Uchaguzi wa kwanza aligombea na mwalimu mmoja aliyekuwa na maneno mazuri sana juu ya kisima. Siku ya kufunga kampeni, jukwaa likamwangukia mwalimu. Likainuliwa, likamwangukia tena. Tindwa alimzika mpinzani wake kwa heshima ambayo kata ilikuwa haijaiona: turubai la rangi tatu, viti vyenye vitambaa, na kilio kikubwa mpaka yeye mwenyewe akatumbukia kaburini juu ya jeneza. Wakati wanamvuta kwa kamba, mtu mmoja akapiga kelele, "Huyu ndiye diwani!" Watu wakanyoosha mikono pale pale makaburini. Kura zikahesabiwa kabla hajatolewa shimoni.

Tangu hapo ushindani ulipungua. Uchaguzi wa pili mgombea mwingine alijitokeza asubuhi, akajitoa mchana, akaonekana mtoni baada ya siku nne.

*

Sasa mtaniuliza, huyu Tindwa alifanya kazi gani? Alifanya nyingi, na mtu asimsingizie.

Halmashauri yetu ilikuwa na greda ya kulima barabara, lori la maji, na gari la muuguzi. Kuvitoa vile vitu kulihitaji kibali. Kibali cha barabara kilitaka sahihi kumi na moja, na watu wawili kati ya hao kumi na mmoja walikuwa hawajazaliwa, nafasi zao zilikuwa zinasubiriwa. Kibali cha kisima kilitaka sahihi kumi na tisa. Lakini kibali cha msiba kilitaka sahihi moja tu, ya diwani, kwa sababu maiti haisubiri.

Basi akifa mtu, ilikuwa raha kwa waliobaki. Greda ilikuja kulima njia ili gari la maiti lipite. Lori la maji lilikuja kwa ajili ya kupikia waombolezaji. Muuguzi alikuja kuwahudumia wanaozimia, na ukiwa na homa yako ya siku nyingi ulizimia kidogo, akakupa dawa. Wakishazika, kila kitu kiliondoka, mpaka mwingine afe.

Watu si wajinga, walielewa upesi. Kitongoji cha Juu kilipata misiba mitatu mwezi mmoja, kikawa na barabara kama ya mjini. Sisi wa Kitongoji cha Chini tulikuwa na wazee wagumu. Salamu zikabadilika. Ukimwuliza mtu kaamkaje, akisema mzima, unamwambia pole.

Mzee Kalyango, wa miaka tisini na kitu, aliugua siku tatu, watoto wake wakaazima madumu kwa majirani wote. Asubuhi ya siku ya nne akaamka akaomba uji. Nilikuwapo, maana nilikwenda kumwombea. Mkwe wake alisimama mlangoni na dumu tupu kila mkono.

"Baba," akasema, "tumeshaazima vyombo vya watu."

"Nipe uji."

"Baba, mbona unatuaibisha?"

"Wewe umekuja kunizika au kunilisha? Weka sukari."

Mchana kikosi cha Makoye kikafika kumpongeza kwa kupona. Kinaitwa Kikosi cha Huduma kwa Jamii, vijana thelathini wenye fulana za kijani na marungu yaliyopakwa rangi ya bendera. Walimpongeza chumbani, mlango umefungwa, kama dakika kumi. Mimi nilikaa sebuleni nikishika bakuli la uji. Kila pongezi ilikuwa inatikisa ukuta, mpaka picha ya harusi yake ikaanguka. Lori la maji lilifika saa kumi, na lilijaa.

*

Kwa kuwa mambo yalikuwa mengi, ikabidi yawekewe utaratibu. Halmashauri ikaitisha kikao cha kupitisha Mwongozo wa Huduma za Mwisho. Sisi akina mama wa kanisa tuliitwa kupika chai, kwa hiyo kile kikao nilikiona kwa macho yangu kupitia dirisha la jikoni.

Katika nchi yetu hoja hupitishwa kwa mikono. Mwenyekiti alisema, "Wanaoafiki?" na upande mmoja ukanyanyuka ukaupiga upande wa pili. Akasema, "Wasioafiki?" na wale ambao bado walikuwa na nguvu wakarudisha. Karani alikuwa anahesabu waliosimama. Ibara ya kwanza ilipita kwa meno manne. Ibara ya pili, inayosema kwamba turubai likishafungwa halifunguliwi mpaka azikwe mtu, ilipita kwa mkono mmoja uliovunjika kwenye kiwiko. Ibara hiyo ilikuwa na sababu yake njema: watu walikuwa wameanza kudanganya misiba ili wapate kivuli cha harusi.

Wakaja kwenye ukurasa wa mwisho, unaowahusu madiwani wenyewe wakifa. Hapo chai yetu ilipoa. Waligombana saa tatu. Diwani wa kata ya jirani, mtu mwembamba mwenye miwani, alisimama akasema si vizuri diwani apewe daraja kubwa kuliko watu wote, wananchi watasema nini?

Mheshimiwa Tindwa akanyanyuka. Alizungumza vizuri siku ile, lazima nikiri.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "kichwa cha diwani si kichwa cha mtu. Ni kichwa cha kata. Kikianguka, ardhi lazima isikie!"

Akachukua siwa ya halmashauri pale mezani, ile fimbo ya fedha yenye ndege juu, akampiga nayo yule mwembamba usoni. Akampiga tena, miwani ikaingia ndani. Mwenyekiti akagonga meza.

"Mheshimiwa Tindwa, kanuni ya arobaini. Siwa irudishwe mezani, na ifutwe kwanza."

Ikafutwa kwa kitambaa chetu cha sufuria. Ukurasa ukapita bila kupingwa. Mtendaji wa kata yetu, Bwana Mfaume, akauandika wote kwa mwandiko wake mzuri. Huyu Mfaume ni mtu wa pekee. Hajawahi kumpiga mtu wala kumtetea mtu. Yeye anasoma kilichoandikwa, chote, na akiombwa anasoma tena.

Ukurasa ule sisi wananchi hatukusomewa. Walisema hautuhusu.

*

Kosa la mume wangu lilikuwa kuuliza. Yeremia alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa taratibu, anaweza kukaa na wewe kutwa asiseme zaidi ya maneno kumi. Sijui siku ile kwenye mkutano wa hadhara nini kilimwingia. Mheshimiwa alikuwa amemaliza kutueleza idadi ya wafu aliowahudumia, watu wanapiga makofi, Yeremia akanyoosha kidole.

"Mheshimiwa, mimi nina swali dogo. Sisi ambao tutakuwa hai mpaka mwakani, kisima tutapata?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika viti. Mheshimiwa naye alicheka, akapangusa macho. "Mzee wetu ana utani!" akasema. Akatoa karatasi, akaandika jina la Yeremia ili asilisahau. Karatasi ile niliiona tena baada ya siku tano, mkononi mwa Makoye, uani kwangu.

Kwenye maziko alilia machozi ya rafiki wa utotoni, ingawa hawakuwahi kula pamoja. Alisema, "Ndugu yetu Yeremia aliomba maji. Nani anasema serikali haisikii? Haya, maji haya hapa!" Akaelekeza mkono kwenye lori, na watu wakakimbia na ndoo. Nami nilikunywa. Nilikuwa na kiu.

Kwa imani yangu lazima nisamehe. Nilijaribu kusamehe kwa jumla, nikashindwa, basi nikaanza kusamehe pigo moja moja. Nilipigia magoti pigo la kwanza miezi miwili mpaka likatoka. Halafu la pili. Lile la buti lilinichukua tangu Pasaka mpaka mavuno. Kufikia mwaka wa pili na nusu nilikuwa nimemaliza manane, nimebakiza moja, la pili la kisogoni.

*

Mwaka huo Kitongoji cha Chini kilikaa miezi saba bila msiba. Njia ziliota majani, mtoto wa binti wa Bi Sikuzani alikuwa anaharisha, na maji tulikuwa tunayafuata mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi. Mama yake Makoye, mgongo umepinda, alikuwa anaanguka njiani na ndoo yake, ananyanyuka, anarudi kuteka upya.

Siku moja asubuhi Bi Sikuzani akaja kwangu. Hakukaa. Alisimama akishika nguzo ya kibaraza.

"Mama Tabitha, jana Kamati ya Maendeleo ilikaa."

"Ikasemaje?"

"Walitaka jina." Akaanza kulia. "Walisema mtu ambaye hana wa kumlilia sana. Tabitha ameolewa mbali. Wakasema na wewe umeshazoea, ulishawahi kuwa na msiba hapa, uwanja wako ni mpana, lori linageuka vizuri."

"Mkapiga kura?"

"Tulipiga."

"Na wewe ulinyoosha mkono?"

Akajifuta pua na kanga. "Sikuunyoosha wote, jirani. Wallahi sikuunyoosha wote. Niliufikisha hapa," akanionyesha kwenye bega.

"Mjukuu anaendeleaje?"

"Macho yameingia ndani."

Nikamwambia nimemwelewa, ila naomba kitu kimoja. Kesho uani kwangu patakuwa na watu, jiko langu litakanyagwa. Anisaidie kubandika maharage yangu kwake. Watu wakija kwangu sipendi waondoke na njaa.

Mtasema kwa nini sikukimbia. Ningepita wapi? Barabara ilikuwa haijalimwa. Na pale kwenye njia panda walikuwa wamekaa vijana wanne wa kikosi wanacheza bao, marungu yao yameegemezwa ukutani, mmoja alinipungia mkono.

*

Kesho yake wakaja na nguzo.

"Shikamoo mama, pole na msiba," akasema Makoye.

"Marahaba mwanangu. Mmewahi tena?"

"Hapana mama, safari hii tuko ndani ya muda. Ratiba inasema huduma saa nane kamili." Alikuwa haniangalii. Alikuwa anaangalia fundo la kamba. "Mama, mimi nitasimama nyuma. Nimewaambia wenzangu wafanye haraka."

"Mungu akubariki. Mama hajambo?"

"Mgongo, mama."

Nikafagia uwanja. Nikaoga na maji ya kikombe. Nikavaa gauni langu la Jumapili, nikajifunga kanga mpya, kisha nikakimbia mara moja kwa Bi Sikuzani kuangalia maharage. Yalikuwa bado magumu. Vijana wakanisindikiza kwenda na kurudi.

Kufikia saa saba watu walikuwa wamejaa. Kila mtu alikuja na chombo. Waliokaa mbele walikuwa na madumu, wa katikati ndoo, wa nyuma masufuria, na bibi mmoja alikuja na beseni la kuogea watoto amelivaa kichwani kama kofia. Wengi walinipa pole. Wengine waliona aibu wakanipa pole wakiangalia pembeni. Lori la maji lilikuwa limesimama nje ya ua, linadondosha matone, na watu walikuwa wanayahesabu kwa macho. Katikati ya turubai kulikuwa na jeneza, kifuniko wazi. Lilikuwa fupi kidogo kwangu, lakini sikusema kitu, lilikuwa la serikali.

Mheshimiwa Tindwa akafika na suti nyeusi na leso mbili. Akanishika mkono kwa mikono yake yote.

"Mama, pole sana."

"Ahsante Mheshimiwa."

"Kaa pale mbele. Leo ndiyo siku yako."

Nikakaa. Akapanda kwenye kijukwaa, akatoa karatasi, akachagua machozi. Nilitambua mara moja, yalikuwa ya mjane mcha Mungu.

"Ndugu wananchi! Tumempoteza, au tuseme ifikapo saa nane tutakuwa tumempoteza, mama wa mfano. Marehemu mtarajiwa alizaliwa Kitongoji cha Juu..."

"Cha Chini," nikasema.

"...Cha Chini, akasoma mpaka darasa la nne..."

"La saba, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Akatabasamu akaendelea. "Mnaona alivyokuwa mkweli? Ndugu zangu, wako wanaosema diwani wenu hafanyi kitu. Nawauliza, nani katika nchi hii amewazika watu wake kama mimi? Kata nyingine watu wanakufa ovyo. Hapa kwangu mtu hafi mpaka nimejua! Mama huyu anatoa maisha yake ili mtoto wa jirani apate maji. Na ninyi vijana wa kikosi, msimwangushe. Fanyeni kazi safi, pigo moja, pigo mbili, basi. Mimi damu nyingi siipendi, inachafua turubai."

Akalia. Watu wakalia naye. Bi Sikuzani alilia kwa sauti kuliko wote, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Makoye alikuwa nyuma kama alivyosema. Vijana wawili walikuja wakasimama kila upande wa kiti changu.

Mtendaji Mfaume akavaa miwani, akafungua Mwongozo.

"Kinachofuata ni neno la familia," akasoma. "Familia ya marehemu mtarajiwa ipo?"

"Nipo," nikasema. Nikasimama.

Kabla sijalala usiku uliopita nilikuwa nimepanga kusema mengi. Kusimama pale, nikiona vile vyombo vitupu, maneno yakaniishia. Yakabaki machache.

"Majirani, mimi sina hotuba. Mume wangu aliuliza swali moja, na mimi naomba nafasi ya kuuliza moja. Bwana Mtendaji, nikishazikwa, hawa watu wanapata nini?"

Mfaume akalamba kidole, akafunua. "Mwananchi wa kawaida, mwanamke, mjane. Lori moja la maji, kwa muda usiozidi nusu saa. Greda, kwenda na kurudi mara moja. Muuguzi, kama yupo."

"Nusu saa?" bibi wa beseni akauliza.

"Nusu saa," akasema Mfaume.

Watu wakaanza kugeuka kupima umbali kati ya viti vyao na lori. Waliokuwa nyuma walinung'unika.

"Tusomee na ukurasa unaofuata," nikasema, "ule wa mwisho."

"Hapana haja," akasema Mheshimiwa Tindwa. "Muda umekwenda."

"Mheshimiwa," akasema Mfaume, "ibara ya sita inasema familia ikiomba kusomewa, isomewe." Akafunua. Alisoma kwa sauti ile ile anayosomea majina ya waliofaulu. "Diwani aliye madarakani. Kitongoji anachozikwa kitapewa kisima kirefu cha kudumu chenye pampu. Barabara ya lami kutoka kaburini hadi barabara kuu. Zahanati ya vitanda kumi, pamoja na mkunga. Kazi zote kuanza siku hiyo hiyo, kwa kibali cha sahihi ya marehemu mwenyewe, ambayo imekwisha kuwekwa."

Lori lilikuwa linadondosha matone. Tuliyasikia vizuri, tone, halafu tone.

"Siku hiyo hiyo?" Bi Sikuzani akauliza. Alikuwa ameacha kulia.

"Siku hiyo hiyo. Imepigiwa mstari."

"Na pampu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Makoye, kutoka nyuma.

"Na pampu."

Mheshimiwa alicheka kicheko kirefu, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye, akakosa. "Mnaona utani ambao mume alimwachia mke?" akasema. "Haya vijana. Ratiba iendelee."

Vijana wawili waliokuwa pembeni yangu hawakusogea. Makoye alikuja mbele polepole, akipita katikati ya viti, watu wakimpisha magoti. Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Akamwonyesha Mtendaji.

"Bwana Mtendaji, jina likikosewa hapa, linaweza kusahihishwa?"

Mfaume akafikiri. Alifikiri kweli kweli, kwa haki, kama anavyofanya siku zote. "Linaweza," akasema. "Kwa kalamu ya wino. Penseli hairuhusiwi." Akachomoa yake kwenye mfuko wa shati, akampa.

Bibi wa beseni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka chombo chake chini. Akakiweka taratibu, kisha akasimama. Aliyefuata akaweka ndoo. Kisha madumu, kisha masufuria, chuma kwa chuma, safu baada ya safu, mpaka mikono ya watu wote wa Kitongoji cha Chini ikawa haina kitu. Saa ya Makoye ikalia. Ilikuwa saa nane kamili.

Mheshimiwa Tindwa akashuka kwenye kijukwaa akarudi nyuma, na nyuma kulikuwa na jeneza, akalikalia ukingoni bila kutaka. Jeneza lililokuwa fupi kwangu, kwake lilikuwa sawa. Leso zote mbili zilianguka. Alianza kulia, na mimi niliyekaa kwenye misiba yake miaka yote nasema machozi yale nilikuwa sijawahi kuyaona. Hayakuwa na mpangilio.

"Mama Tabitha," akasema, "wewe ni mtu wa kanisa. Hawa wanakusikiliza. Waambie! Neno moja tu, mama, neno moja!"

Ni kweli walikuwa wananisikiliza. Walikuwa wamegeuka wote, Makoye na rungu lake, Bi Sikuzani na kanga yake kinywani, wananingoja mimi. Nikatafuta moyoni msamaha wa pigo la tisa. Nilitafuta kwa nia njema, nafasi zote. Nikakumbuka kwamba maharage hayana mtu wa kuyaangalia, na yakiungua hawa watu watakula nini baada ya kuzika.

Nikajifunga kanga vizuri, nikapita katikati ya ndoo, nikatoka.